Wakiachana, Futa Yote

Miezi sita sasa kompyuta yangu inaapa kwamba vidonge vya dawa vitashikamana, na miezi sita mashine ya kushindilia unga, chumba cha pili, inatoa vidonge vinavyomeguka hata ukivitazama vibaya. Nimechoka. Nimechoka na kompyuta, nimechoka na unga, na zaidi nimechoka na anayeendesha mashine ile, maana ndiye aliyekuwa mume wangu.

Kazi yangu ni kukokotoa nguvu za chembe zinapogongana. Chembe za unga huu si mpira. Zikigongana zinabonyea, na bonyeo halirudi. Basi programu hutakiwa kujua kila chembe imebonyea wapi na kwa kiasi gani. Rahisi kusema.

Fundi, ndivyo tunavyomwita hapa kazini, aliingia saa nne asubuhi na sinia la vidonge vilivyopasuka. Akalitua juu ya karatasi zangu, kama kawaida yake.

"Dakta, vyako hivi."

"Vyangu viko kwenye kompyuta. Vizima."

"Basi tuwaambie wagonjwa wameze vya kompyuta."

Akavuta kiti. Nilijua hakuletwa na vidonge tu. Amepata kazi mbali, anaondoka mwisho wa wiki, na Jumamosi aliniomba turudiane. Nilimwahidi jibu leo: atafute chumba cha mtu mmoja, au nyumba ya watu wanne. Watoto wetu wawili wameshaanza kugombania kitanda cha juu.

"Hebu nisomee unavyoiambia," akasema, kidole kwenye skrini. "Chembe zikigusana?"

"Nguvu inapanda, zinabonyea."

"Zikiachana?"

Programu zangu naziandika kwa Kiswahili, wenzangu hunicheka. Nikamsomea kama ilivyo: "Wakiachana, futa yote."

Akainamia skrini. "Waki? Chembe ni watu siku hizi?"

Nikatazama. Kila mahali nimeandika ziki, isipokuwa hapo. Pembeni palikuwa na tarehe ya kuuandika mstari ule: siku tatu baada ya talaka yetu. Nikaona aibu, nikaona na hasira, sijui ipi ilitangulia.

Na kosa lilikuwa palepale. Kila chembe zilipoachana, programu ilifuta bonyeo, zikakutana tena laini kama hazijawahi kugongana. Lakini unga halisi huzunguka saa nzima kwenye pipa la kuchanganyia kabla haujafika kwa Fundi. Chembe zinagongana mara maelfu, na palipobonyea panakuwa pagumu. Hapabonyei tena mpaka nguvu izidi ile ya kwanza. Zikifika kwenye mashine zimeshakomaa. Hazibonyei, kwa hiyo hazishikani.

Nikaufuta mstari, nikaandika: zikiachana, kumbuka. Tukangoja kompyuta ikokotoe upya. Saa sita kasoro picha ikaja kwenye skrini, kidonge kimepasuka katikati kama vile vya kwenye sinia.

Fundi akacheka; yule akifurahi hufurahi na meno yote. "Si unaona? Tukikaa pamoja mambo yanakwenda." Akashusha sauti. "Mama watoto, nilikosa. Nilikuomba radhi, ukasema umenisamehe. Yaliyopita si ndwele."

"Nimekusamehe," nikasema, na ni kweli. Sina kinyongo naye, na kicheko chake bado nakipenda. "Nimekusamehe kabisa."

"Basi?"

"Basi sibonyei tena, baba watoto. Hilo tu."

Akaitazama picha tena. Kisha akaanza kukusanya vipande, kimoja kimoja, mpaka vumbi lililoanguka juu ya karatasi zangu.

"Nipunguze muda wa pipa?"

"Punguza. Dakika kumi zinatosha."

"Na unga uliokwisha kuzungushwa?"

"Huo haufai tena."

Akaitikia kwa kichwa, akabeba sinia lake. Miaka tisa ya ndoa alikuwa akiibamiza milango. Huu aliufunga taratibu, hata sikuusikia.