Kisamvu Kisicho na Magadi

Mwamvita wa nyumba ya pili aliapa pale kisimani kwamba kaona kwa macho yake. Ati Siwema, mkewe Pazi, katoka jikoni na bakuli la kisamvu, kazunguka nyuma ya migomba, kakimwaga chote, kakifukia kwa mguu kama paka. Tena katema mate, kasoma kitu midomoni. "Jamani, chakula cha mkwe hufukiwa bure? Huyo kaona kitu ndani ya chungu!"

Mate hayakuwapo, wala kisomo. Lakini kisamvu alikimwaga kweli.

Ugonjwa wa mkojo ulikuwa ukimrudia Siwema kila akidhani umekwisha. Safari ya mwisho homa ilimshika mgongo, akabebwa kwa machela hadi Kisarawe, watu wakidhani wanabeba maiti. Alipopona, dresa Isihaka, mganga wa zahanati ya huko, alimpa vidonge vya kunywa kila siku, hata akijiona mzima, ili maradhi yasirudi. Alimwambia anywe maji ya kutosha, asichanganye na dawa nyingine bila kumuuliza, asimgawie mtu, akitokwa na upele au akiona damu arudi mbio. Siwema alikwishafika mlangoni alipoitwa tena.

"We dada! Mboga mnatia magadi?"

"Tunatia."

"Acha. Dawa hii hutaka mkojo mchachu. Ukila magadi, vidonge hivi ni kama unameza chokaa tu. Kula ukwaju, kamulia ndimu."

Rahisi kusema. Bi Mwanaamina, mama mkwe wake, alibakiwa na meno mawili, na magadi ndiyo yaliyomtafunia. Kisamvu chake kilisifiwa kijiji kizima cha Masaki kwa ulaini. Tena kumweleza sababu ni kutaja mkojo, na ukitaja mkojo watu husikia kisonono, kisha huuliza nani kakileta. Pazi alikuwa huko ng'ambo ya Mlandizi, akikata mkonge. Basi Siwema akanyamaza. Akitazamwa, alikula, asipotazamwa, alimwaga. Na tangu juzi ule moto wa mkojo ulikuwa umeanza kumbishia hodi.

Aliporudi na debe la maji kichwani, maneno ya Mwamvita yalikwishatangulia.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. Bi Mwanaamina alikuwa amechutama mbele ya chungu, kisamvu kikitokota.

"Nimeanza lini uchawi, Siwema?"

"Mama, Mwamvita yule..."

"Mwamvita mdomo wake kinu, hakibagui cha kutwanga. Nakuuliza wewe. Ulimwaga?"

"Nilimwaga."

Bi kizee alicheka, kicheko kikavu. "Meno yamekwenda, macho yanakwenda. Nimebaki na mkono wa mboga. Nao umeufukia."

Siwema alitua debe, maji yakamruka miguuni. Akasimama mguu huu, akahamia ule. Choo kilimwita, naye alijua akienda hatarudi na maneno yale mdomoni.

"Si uchawi, mama. Ni mkojo. Ule ugonjwa wa machela."

Bi Mwanaamina akatazama njiani, kisha akashusha sauti. "Kisonono? Mwanangu ndiye?"

"Siyo! Dresa kapima, kasema huu humpata hata mwanamke aliyetulia na mumewe. Kanipa dawa ya kuuzuia, ila magadi huivunja nguvu. Na umeanza kurudi, mama. Kesho alfajiri nakwenda Kisarawe dresa anione, ugonjwa usije ukanipanda mgongoni tena."

"Siku zote hizo unakula kwangu, husemi?"

"Niliona haya."

Bi kizee alivuta kifuu chenye magadi, akachota kipande, akakivunja kwa vidole juu ya mvuke.

"Nakuomba, mama," Siwema alisema, amebana mapaja, jasho likimtoka. "Kabla hujatia, nipakulie changu pembeni. Kiwe kigumu hivyo hivyo, nitatafuna. Na Mwamvita nitamwita mwenyewe, aje anione nakila."

Chungu kilitokota. Unga mweupe ulikuwa vidoleni mwa Bi Mwanaamina, na mkono wake ulibaki juu ya chungu, haukushuka, haukurudi.