Mahali Mnapopapenda Zaidi

Ofisini walimwita Bi Jamii, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyesomea mambo ya jamii. Wengine wote walisomea miti, maji na wanyama. Jina lilianza kama utani wa mchora ramani, na kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kubisha, likamganda.

Asubuhi hiyo mchora ramani alikuwa ametandaza karatasi kubwa juu ya meza ya mikutano, pembe zake kazibana kwa vikombe vya chai. Ilikuwa rasimu ya mpango wa kuhifadhi bonde zima: vilima, kijito, kinamasi chenye matete, na vijiji vya pembeni. Bi Jamii alisimama nyuma ya viti akangoja wakubwa watazame kwanza. Walipotoka ndipo akainama juu ya karatasi.

Kwenye kona ya kijito, pale kinamasi kinapoanza, kulikuwa na doa jekundu.

"Hii nyekundu ndiyo nini?" aliuliza.

"Hifadhi kamili. Haingii mtu pale, labda chura." Mchora ramani alimtazama. "Mbona umebadilika sura?"

"Pale ndipo wanawake wanapochimba udongo wa vyungu."

"Najua. Si ndio waliopachagua? Njoo uone." Akamgeuzia kompyuta. Kona ile ilikuwa imejaa vidoa vya kijani, kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Vidoa vile vilikuwa stika za wanavijiji wenyewe. Wiki chache nyuma, wao wawili walizunguka na ramani ile, wakampa kila mtu stika kadhaa na kumwomba abandike mahali anapopapenda zaidi katika bonde. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi kuwauliza watu kabla ya kuchora mstari. Watu walisukumana wakicheka, wakaazimana miwani, mmoja akatafuta mlango wa nyumba yake kwenye karatasi akakasirika kuukosa. Baadaye mchora ramani aliziingiza stika zote kwenye kompyuta. Na kompyuta ilikuwa imeagizwa hivi: penye stika nyingi pana thamani kubwa, na penye thamani kubwa palindwe kwa nguvu zote. Katikati ya maagizo hayo mawili hakuna aliyesimama kufikiri.

"Tumewauliza wanapenda wapi," alisema Bi Jamii polepole, "halafu huko huko ndiko tunakowafungia."

Mchora ramani alijikuna kidevu. "Ukiisema hivyo inasikika vibaya."

"Kuna namna ya kuisema isikike vizuri?"

"Mkuu anaipeleka kwa kamati Alhamisi. Mimi ni wa kuchora tu, mwenzangu. Mambo ya watu ni yako."

Bi Jamii alitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu.

Mama yake mdogo alikuwa uani, mikono imezama kwenye udongo hadi karibu na viwiko. Vyungu vya mama huyo ndivyo vilivyomlea na kumsomesha, tangu alipofika pale akiwa mdogo wa kubebwa. Jirani yao, Mama Pacha, alikuwa amekaa mkekani akisugua chungu kibichi kwa jiwe laini.

"Mtaalamu karudi," alisema Mama Pacha. "Leo mmeamua miti ikae wapi?"

"Mwache anywe maji kwanza," alisema mama mdogo. Lakini mwenyewe hakungoja. "Ramani yetu imefika wapi? Mimi stika zangu zote niliziweka pale pale kwenye udongo. Na ya huyu moja nilimwibia."

"Hukuniibia, nilikuonea huruma nikakupa. Yangu nyingine niliweka sokoni. Napapenda, pana habari za watu."

Bi Jamii aliketi kwenye kigoda, akawaeleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, macho yake kwenye kikombe. Alipomaliza, mama mdogo aliendelea kukanda kidogo, kisha mikono ikasimama.

"Yaani tungenyamaza, tungeachiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na soko langu nalo litafungwa?" aliuliza Mama Pacha. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama mdogo alikwangua udongo vidoleni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Bi Jamii. "Siku ile nilirudi hapa kichwa juu," alisema. "Nikamwambia huyu, leo serikali imeniuliza mimi napenda nini. Miaka yote naishi, hakuna aliyewahi kuniuliza, hata marehemu mume wangu."

"Yeye alijua, alikuwa haulizi makusudi," alisema Mama Pacha.

"Udongo wa dukani haufai kwa moto wetu, unapasuka. Pale pakifungwa mimi nimekwisha, mwanangu. Kawaambie."

"Mimi?"

"Sasa nani? Nikienda mimi nitaambiwa nisubiri kwenye benchi."

Mkuu wa mradi alikuwa mama wa makamo aliyesomea ndege. Mlango wake ulikuwa wazi siku zote, na Bi Jamii alikuwa hajawahi kuuingia bila kuitwa. Kesho yake aliuingia. Alikuwa amejiandalia maneno ya kuanzia, yote yakamtoroka, akabaki na lile la mwisho.

"Hatuwezi kuipeleka ramani ile Alhamisi, mama."

Mkuu aliweka kalamu chini na kumsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ukali, "Mmoja wa wale wanawake ni mama yako mdogo. Ungekuja hapa kama asingekuwa yeye?"

Bi Jamii aliona uso unamwaka. "Sijui. Labda ningechelewa kuona. Lakini si pale tu. Malisho ya juu ni mekundu. Kisima cha kijiji cha pili ni chekundu. Kila penye nyekundu pana mtu aliyetuonyesha mwenyewe kwa kidole."

"Na ndege wa kwenye matete? Unajua wamebaki wangapi? Wakikanyagiwa mayai mwaka huu, mwakani hatuna cha kuhifadhi." Mkuu aliinuka, akasimama dirishani akiwa amempa mgongo. "Sikuingia kazi hii ili nifunge watu visima."

"Najua, mama."

"Kwa nini hatukuwauliza wanafanya nini pale?"

"Tuliuliza wanapenda wapi tu. Nipe nafasi niwaulize hilo lingine."

Mkuu aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema ataomba kamati isogeze kikao, ila kwa masharti. Bi Jamii atawaeleza watu mwenyewe kilichotokea kwa stika zao. Na habari za udongo ataziandika mchora ramani, si yeye, ili pasiwe na wa kusema alimpendelea mama yake.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Bi Jamii alisimama mbele ya ubao. Sauti yake ilitoka ndogo, mtu wa nyuma akasema, "Ongeza, binti, hatujalala bado," akaongeza. Akawaambia yote: stika, kompyuta, nyekundu. Hakuwalaumu wenzake wa ofisini waliokuwa hawapo.

Minong'ono ilipanda. Mchungaji wa ng'ombe wa malisho ya juu alinyanyuka. "Kwa hiyo leo mmekuja kuuliza tena, mfunge na yaliyobaki?" Watu kadhaa walitoka pamoja naye, na mlango haukufungwa taratibu.

Ndipo mama mdogo aliposimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea hospitali na harusini.

"Bi Mtafiti," alisema, na Bi Jamii alishtuka kuitwa hivyo na mdomo ule. "Nikikueleza tunachofanya pale, unaniahidi hapatafungwa?"

Neno la kumtuliza lilikuwa pale pale ulimini, fupi na tamu. Bi Jamii alilimeza.

"Siahidi. Anayeamua ni kamati. Naahidi kwamba mtakayosema yataandikwa kama mlivyoyasema, na watakachoamua nitarudi hapa kuwasomea, kizuri na kibaya."

"Hicho tu?"

"Hicho tu, mama."

Mama mdogo akaenda kuketi kwenye meza ya mchora ramani, Mama Pacha nyuma yake. "Haya, andika," alimwambia, "na uandike kwa herufi za kusomeka." Wengine wakajivuta, mmoja mmoja. Bi Jamii alikaa na watu wa kisima, mgongo wake kwa meza ile, na hakugeuka hata waliposikika wakicheka.

Kamati ilikaa baada ya wiki mbili. Bi Jamii alirudi darasani akiwa na karatasi ya uamuzi, na safari hii hata mchungaji alikuja, ingawa alisimama mlangoni. Akasoma. Kisima kimeondolewa kwenye nyekundu. Malisho ya juu yatafunguliwa kiangazi tu. Mchungaji alitikisa kichwa, lakini hakuondoka.

"Udongo wa kijitoni," aliendelea. "Upande wa chini, uchimbaji unaruhusiwa. Upande wa juu, kwenye matete, umefungwa kwa ajili ya ndege."

Mama Pacha alimshika mwenzake mkono kwa furaha. Mama mdogo alikuwa bado anaitazama karatasi.

"Upande wa juu wote?"

"Wote, mama."

"Ndiko kuna udongo mweupe," alisema taratibu. "Ule wa mitungi ya maji. Wa chini ni wa vyungu vya kupikia tu."

"Haukuandikwa?" Bi Jamii alimgeukia mchora ramani. Naye alifungua karatasi zake, akaonyesha mstari kwa kidole, akainamisha kichwa. Ulikuwa umeandikwa. Kamati iliusoma, na ikachagua ndege.

Bi Jamii alitaka kuketi, au kutoka, au kusema samahani mbele ya wote.

Mama mdogo alikunja mikono yake mapajani. Ilikuwa safi, imepakwa mafuta. "Basi mitungi nitaacha," alisema. "Vyungu nitafinyanga. Endelea kusoma, mwanangu, wenzangu wanasubiri zamu zao."

Bi Jamii akaendelea kusoma.