Mpaka Aitwe

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala uani kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. Mpiga pasi alipotoka na kikombe cha chai hakuona ukuta wala lango, aliona dirisha la chumba cha nyuma tu, likielea peke yake na taa yake ndogo. Aliweka kikombe kizingitini, akagonga mara moja, akageuka kabla mlango haujafunguliwa. Ndivyo alivyozoea.

Humo aliishi mdogo wake, fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake. Zamani alishonea viatu barazani huku akiimba, na Jumapili ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani. Mpaka Jumapili moja ya mwaka uliopita, alipopanda mbele akiwa amelewa chakari, akasahau maneno, akamwangukia mpiga kinanda. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dada yake, huyo mpiga pasi, alikuwa benchi la mbele. Alichukua mkoba wake akatoka nje, na jioni alimwambia maneno machache tu: "Umenivua nguo mbele za watu."

Tangu siku hiyo Spika aliacha pombe. Aliacha na baraza, na wimbo, na meza ya chakula. Viatu vya wateja viliingia na kutoka mikononi mwa dada yake, yeye hakutoka. Na kila alfajiri mpiga pasi alipiga magoti akasema, "Bwana, mtoe ndugu yangu kule aliko."

Kutwa nzima alinyoosha mashuka ya hoteli ndani ya mvuke, akiyasema maneno ya Kiingereza ya wiki aliyopewa katika darasa la jioni, neno moja kwa kila kunjo. Jioni aliingia darasani na wenzake watu wazima, magoti yao yakigonga madawati ya watoto. Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo aliyewahi kulea watoto katika nyumba ya Waingereza. Aliandika ubaoni neno moja: disgrace.

"Fedheha," alisema. "Aibu ya mbele za watu."

"Hiyo tunaijua bila kuja shule, mama," dereva wa lori akajibu.

"Mnaijua ya kwetu. Waingereza wenyewe neno hili wanalinyunyiza kama chumvi. Chumba kikiwa shaghalabaghala, fedheha. Timu ikifungwa, fedheha. Pale nilipofanya kazi kulikuwa na mbwa mzee. Siku alipotafuna kiatu cha baba mwenye nyumba, walisema mbwa ni 'in disgrace', yaani yumo ndani ya fedheha."

"Mbwa!" Muuza mayai alishika kiuno. "Mbwa ana aibu gani, naye anatembea uchi mchana kweupe?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akafuta macho.

"Haki ya Mungu. Alilala chini ya meza, masikio chini, hasemeshwi na mtu. Yumo ndani, kama mtu aliyemo chumbani."

"Alitokaje?" Mpiga pasi alishtuka kusikia kwamba sauti ile ni yake.

"Jioni mwenye nyumba alimwita jina lake. Akatoka anatikisa mkia. Yakaisha."

"Na asingeitwa?"

Mwalimu alipangusa chaki mikononi. "Sijui, mwanangu. Sikumwona hata siku moja akitoka mwenyewe."

Kisha kila mtu aliambiwa atunge sentensi ya nyumbani kwake. Mpiga pasi aliandika polepole kwamba ndugu yake yumo ndani ya fedheha. Mwalimu aliinama begani pake akasoma.

"Sawasawa kabisa," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Mpaka leo?"

Mpiga pasi alifunga daftari.

Alirudi nyumbani kama anayetembea usingizini. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na kila mlango aliopita aliuona ni mlango wa kile chumba kimoja, na nyuma ya kila mlango mtu ameketi anasikiliza. Alijaribu kuomba. Maneno ya alfajiri yalipomjia, aliyakatiza. Alikuwa amemtuma Mungu kazi ambayo mdomo wake mwenyewe uliiweza.

Mumewe na binti yake walikuwa wamekwisha kaa mezani. Aliweka sahani ya nne. Binti yake akasogeza kiti. Akaenda uani, akasimama mlangoni, safari hii hakugonga. Aliita jina ambalo mama yao alimpa, si Spika.

Nyundo ndani ikanyamaza.

"Dada? Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Njoo ule."

"Nile wapi?"

"Mezani."

Bila kujua aanzie wapi, akamsimulia habari za yule mbwa, kupitia ubao wa mlango.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbwa," sauti ikasema.

"Sikusema hivyo!"

"Umesema, dada. Nimekusikia." Nyundo ikawekwa chini. "Kile kiatu alitafuna wapi? Soli au kisigino?"

"Sikuuliza."

"Kama ni kisigino, kinatengenezeka."

Mlango ulifunguka. Alisimama pale na vumbi la ngozi kwenye nyusi, amekonda, anapepesa macho. Dada alimshika kiwiko wakavuka ua pamoja, na ua ule mdogo ulionekana mpana kama uwanja.

Spika alikaa, akaitazama sahani. "Hapa sawa," alisema. "Ila kule Jumapili siwezi. Wataanza kucheka kabla sijafika mlangoni."

Mpiga pasi hakukaa. Alishika mgongo wa kiti, akawatazama mumewe na binti yake ili wasikie vizuri.

"Nyinyi ni mashahidi wangu," alisema. "Jumapili hii naingia naye tumeshikana mikono. Nitakaa atakapokaa. Akisahau maneno nitayasema mimi, na wakicheka, mkoba wangu sitaugusa."