Ukungu Kati ya Vioo Viwili

Mkunga mstaafu alimwonyesha fundi dirisha la sebuleni bila salamu. Ukungu ulikuwa umetanda kioo kizima. Fundi akatoa kitambaa, akapangusa upande wa ndani. Haukutoka. Akazunguka nje, akapangusa na huko. Ukungu ulibaki palepale, katikati ya vioo viwili, mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu.

"Uliniambia la vioo viwili halishiki unyevu," mkunga akasema. "Mbona humo ndani naweza kuotesha mpunga?"

"Nitakubadilishia, mama."

Kikulacho ki nguoni mwako, fundi aliwaza njiani, dirisha likiwa limelazwa juu ya blanketi nyuma ya gari. Mchawi wake alikwisha kumjua. Pembeni mwa vioo hivyo, kuvitenganisha, hupita kibomba chembamba cha alumini, na ndani yake humiminwa punje nyeupe za kunywa unyevu. Aliyezimimina punje hizo ni mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye karakana nzima ilimwita Kimya. Na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu haongei, halalamiki, haombi kitu, basi anakula wapi? Mara mbili tu alifungua kinywa, akasema punje zimechoka, lifunguliwe kopo la akiba. Zimechoka! Punje zilikuwa zinalima? Fundi alicheka, akajua anatafutiwa njia ya kuibiwa kopo la pili.

Tena alikuwa amemtegea. Kila jioni Kimya akishaondoka, fundi alibandua kifuniko cha kopo, akachora ndani mstari wa penseli pale punje zilipoishia, kisha akakiegesha tu kifuniko ili asubuhi achungulie tena kabla mwenzake hajafika. Mpaka leo mistari ilikuwa haijamnasa mtu. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi, maana mwizi hodari ndiye huyo asiyenaswa.

Alimkuta mkewe karakanani, ameleta chakula cha mchana. Vizuri, alijisemea, na asikie mwenyewe.

"Shemeji, leo tuseme mbele ya dada yako. Punje zangu unazipeleka wapi?"

Mke akaweka sufuria chini. Fundi akalishusha lile dirisha garini, akakata gundi kwa kisu, akachomoa kibomba, akakiinamisha mezani, moyo ukimdunda kwa furaha mbaya.

Punje zikamwagika. Kibomba kilikuwa kimejaa pomoni.

"Basi si zenyewe," akasema haraka. "Umechanganya na takataka gani?"

Kimya akashusha kopo la akiba, akalifungua, akamtilia fundi punje chache kiganjani na kuzidondoshea maji. Zikachemka moto hata fundi akazitupa.

"Hizo zina kiu," Kimya akasema. Kisha akachota kwenye kopo la zamani, akamwekea kiganja kingine, akadondosha maji. Fundi akangoja. Punje zikabaki baridi.

"Hizo zimeshiba. Zimekunywa hewa ya humu usiku kucha, kila siku. Mimi jioni nalifunga kwa nyundo, asubuhi nakikuta kifuniko kimeegeshwa. Nikakwambia zimechoka, ukanicheka."

"Nani anayefungua?" mke akauliza.

Kimya akaliinamisha kopo kuelekea mwangani. Mistari ya penseli ilishuka ndani yake, mmoja chini ya mwingine, mpaka karibu na kitako.

"Nimekuwa nikiiona kila nikichota," akasema.

Mke aliujua mwandiko wa mumewe hata kwenye mstari. "Ulikuwa unapima nini, mume wangu?"

Fundi aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Madirisha yote aliyouza tangu achore mstari wa kwanza yalimpita kichwani, na katika kila moja aliona ukungu.

"Nilikuwa nampima yeye," akasema.

Kimya akachukua nyundo, akafunga kopo jipya, akagonga ukingo wote taratibu mpaka kifuniko kikakaa. Kisha akavua aproni na kuikunja.

"Shemeji, nimekosa," fundi akasema. "Kesho uje. Madirisha ya watu haya, peke yangu siyawezi."

Kimya alitoa penseli kwenye mfuko wa aproni, akailaza juu ya kifuniko.

"Nikija," akasema, "mstari utauchora wapi?"

Fundi alimtazama mkewe amsaidie jibu. Mkewe alikuwa anafunika sufuria, amempa mgongo.