Mwewe Hula Akiwa Angani

Lusungu alifundisha biolojia miaka kumi na minne kabla ya kuacha chaki na kuishi kwa kamera. Vitabu vyake viwili vya mwanzo vilihusu mbuga. Cha tatu, alichokiandika nyumbani kwake Mwananyamala, kilihusu aina sitini na moja za ndege wa Dar es Salaam. Kilikuwa na masharti mawili: hakuna sentensi isiyo na ushahidi, hakuna picha ya mtu.

Sharti la kwanza lilimkaba mwenyewe. Mhariri wake, Gervas, aliizungushia wino mwekundu sentensi ya ukurasa wa 88: "Mwewe hula akiwa angani." Pembeni aliandika: Picha kabla ya Ijumaa saa sita mchana, au naifuta.

Lusungu alikuwa ameliona tendo hilo mara tisa. Mara zote tisa alilipiga picha, na picha zote zilitoka na ukungu.

Kwa siku tano alikwenda machinjioni Vingunguti, ambako mwewe hushuka kunyakua mabaki uani. Alhamisi, akiaga, alimweleza Mzee Kondo, kiongozi wa wachinjaji, kwamba picha ni za kitabu. Hilo lilikuwa kosa.

Ijumaa asubuhi aliukuta ua umefagiliwa, umepigwa maji, unang'aa. Wachinjaji kumi na wawili walisimama mstari mmoja, makoti meupe yamepigwa pasi. Mzee Kondo alivaa kofia ya viua. Juu kabisa mwewe wawili walizunguka, wakaenda zao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Tumejipanga! Kitabu si mchezo."

"Mabaki yako wapi?"

"Yameondoka na gari alfajiri. Tupigwe picha na uchafu, sie hatuna adabu?"

Farida, anayeuza utumbo nje ya geti, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mie niliwaambia jana! Dada anampiga picha mwewe. Nani awatake nyie na vitambi vyenu?"

Walisubiri. Saa tano kasorobo anga ilikuwa bado tupu. Farida akaingia na beseni lake.

"Huyo ndege wako anakula utumbo uliooshwa?"

"Sijui," Lusungu alisema. "Sijawahi kuona."

"Basi leo utaona."

Kipande cha kwanza alichorusha Farida kilianguka chini.

"Unarusha kama unamwaga maji ya vyombo," Mzee Kondo alimwambia.

Cha pili kilichukuliwa na kunguru. Cha tatu kilipopanda, mwewe alitokea nyuma ya paa, akapita chini sana hata Mzee Kondo akashika kofia kwa mikono miwili. Alikidaka kwa kucha, akapaa, akainamisha kichwa, akaleta miguu mdomoni.

Picha ishirini na mbili. Moja ilikuwa safi: jicho, mdomo, kipande cha utumbo katikati. Lusungu, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alipiga kelele, akamkumbatia Farida pamoja na beseni.

Saa tano na dakika arobaini Gervas alijibu: Inabaki.

Mstari wa makoti meupe ulikuwa haujavunjika.

"Na sie, mwalimu?"

"Kitabu hakina picha za watu, mzee."

Lusungu aliyatazama makunjo ya pasi. Akatazama paa. Akainua kamera.

Kitabu kilitoka Novemba. Ukurasa wa 89, maelezo ya picha yanasema: "Kunguru, Vingunguti. Yuko juu ya paa, kushoto. Chini yake ni Mzee Kondo, wachinjaji kumi na wawili, na Farida mwenye beseni."