Aliyetaka Ghuba Iitwe Jina Lake

Ghuba yetu iliitwa Inayofumba Mdomo. Upepo wa baharini ukivuma, barafu huziba lango lake, na aliyemo ndani hatoki. Humo ndimo Jino-Bovu alimuua kaka yangu kwa chusa ya mgongoni, wakigombea nyangumi mwenye pembe. Jino-Bovu si jina lake. Jina lake silitaji.

Kiangazi kilichofuata akaja Mdenmaki, Bwana Tholstrup, kuchora ramani. Wanawake sita tulimpeleka kwa makasia katika mashua ya ngozi, Jino-Bovu akituongoza kwa kayaki, kimtumbwi chembamba cha ngozi cha mtu mmoja.

Langoni Mdenmaki akauliza jina la ghuba. Jino-Bovu akashika ukingo wa mashua, kwa mkono mwingine akanikamata nywele.

"Hii ina jina langu. Mtajie, dada!"

Kwetu mtu hajitaji jina mwenyewe, ni aibu.

"Si una mdomo? Mtajie wewe!"

Akanivuta hadi damu ikanitoka. "Taja, we mwanamke! Au unataka kumfuata kaka yako?"

Nikalitaja. Mdenmaki akaliandika, na Jino-Bovu akacheka. Mpumbavu! Kwetu mtu akifa, jina lake halitamkwi tena mpaka apewe mtoto mchanga. Nani mwenye akili huipa ghuba jina la mtu aliye hai?

Akaniachia nywele, akakinga kiganja apewe tumbaku. Nikainua kasia, nikaviponda vidole vilivyoshika ukingo. Pigo la pili likampasua paji la uso. Kayaki ikapinduka. Nikaigandamiza kwa kasia, kwa hasira na kwa furaha pia, mpaka miguu yake ikaacha kupiga ndani ya ngozi. Mdenmaki alikuwa akipiga mayowe.

"Haya, vuteni," akasema bibi Ilinguaki, mshika usukani wetu. "Barafu inakuja."

Tulipofika nchi kavu, Mdenmaki akafungua karatasi yake, akalisoma lile jina kwa sauti. Tukaziba masikio.

"Nyamaza, we!" Ilinguaki akamkaripia. "Mwenyewe kafa. Ghuba ni Inayofumba Mdomo. Andika."

Akafuta, akaandika.

Majira ya baridi nilijifungua mtoto wa kiume. Mama yake Jino-Bovu akaja, akaketi sakafuni, akalia, akanishika miguu nimpe mtoto jina la mwanawe, lisipotee. Nilimhurumia, sifichi. Kisha nikamweka mwanangu kwenye titi, nikamwita kwa jina la kaka yangu.