Sekunde Saba za Lottie

...kwa sababu timu zote mbili kupata mpira si haki bado, ni nusu ya haki, na nusu ya haki ndiyo inayowapumbaza watu kama huyu Norb wa Depew anayefoka sasa hivi kwenye simu, sikioni mwa Ted Gorczyca, aliyesimama jikoni kwake Cheektowaga, Jumatatu saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, akingoja kuingia hewani kwenye kipindi cha mpira wa Kimarekani, wa pili kwenye foleni, ndivyo alivyoambiwa na yule binti wa studio anayepokea simu, usikate mzee, zima redio yako, Dutch atakuita kwa jina, naye akajibu sawa, lakini redio hakuizima, aliipunguza tu, iko chumba cha chakula juu ya kabati la vyombo, inanong'ona... na Norb anasema jana hatukuonewa na mtu, dakika za nyongeza zilianza, sarafu ikarushwa, wageni wakapewa mpira, wakafika nao mwisho wa uwanja, bao kamili, kisha sisi tukapewa zamu yetu, nasi bao kamili, basi, kila mmoja amekula sahani yake, kilio cha nini, na Dutch Hanrahan, mtangazaji, anachekea puani na kumwuliza Norb leo akili hiyo kaazima kwa nani... hapo ndipo, Norb, hapo hapo uliposimama, songa hatua moja tu, baada ya zamu hizo mbili sheria inasema atakayefunga kwanza ameshinda, na zamu ya tatu ni ya nani, ni ya yule aliyeanza, na aliyeanza alichaguliwa na sarafu, hana haja hata ya kufika mwisho, anasogea nusu ya uwanja anapiga teke katikati ya milingoti, pointi tatu, watu waende nyumbani, na ndivyo ilivyokuwa jana, vijana wetu wamejipanga pembeni kwenye theluji, makoti mabegani, wakiutazama ule mpira ukipaa... sarafu haikuondolewa, ilisogezwa, na jiwe la mpaka ukilisogeza hatua mbili huku bado liko ndani ya shamba la mtu, hujamrudishia shamba lake, hilo Ted analijua, miaka thelathini na nne alikuwa mpima ardhi wa kaunti, na karatasi iko mkononi, jedwali amelichora tangu alfajiri kwa rula, zamu ya kwanza, ya tatu, ya tano upande huu, ya pili, ya nne upande ule, atasema jina lake, Ted, atasoma jedwali, dakika moja na nusu, atashukuru, atakata, hakuna atakayemcheka mtu mwenye jedwali... ingawa kuna hoja ya wale wasemao kwamba wa pili ndiye mwenye faida, maana anajua anachodaiwa na anacheza akijua, kweli, hoja nzuri, ameiandika pembeni kwa penseli, hakuipatia jibu... Lottie angekuwa nalo.

Lottie alikuwa nalo. Miaka kumi na mmoja mkewe aliipigia redio hii simu, kila Jumatatu, Lottie wa Cheektowaga, Dutch akimwita mama, na Ted hakupiga hata mara moja, aliona ni mambo ya watu wasio na kazi, na leo ni wiki ya kumi na mbili tangu wamzike, namba ameikuta kwa mwandiko wake ndani ya mlango wa kabati, chini ya namba ya daktari wa macho... Lottie hakuhitaji jedwali, alizaliwa msichana peke yake kati ya kaka watano, na mama yao kila Pasaka alioka mkate mmoja mtamu, placek, mmoja tu, akaweka sheria, anayekata hachagui, yule mwenye kisu anachukua cha mwisho, na Lottie alisema hajaona vipande vilivyolingana kama vile maisha yake yote, kaka yake Stas alikuwa anakata huku ulimi uko nje, jicho moja amelifumba... basi akasema, na mpira uwe hivyo, mmoja aseme mpira uanzie yadi ya ngapi, mwenzake aseme nani ashambulie na nani azuie, atakayefunga kwanza ameshinda, kwisha, ukiuweka karibu mno na mwisho wa uwanja mwenzako atautaka yeye, ukiuweka mbali mno atakuachia wewe uhangaike nao, kwa hiyo utatafuta yadi ile ambayo hata wewe hujali upewe upande gani... na hapo, Mungu wangu, hapo hata wa pili hana faida, hakuna wa pili, sarafu inakuamulia nani ashike kisu na si zaidi, alilijibu la pembeni mwa karatasi kabla Ted hajaliandika, akalisema hewani, Machi ile, mwaka juzi, wiki ambayo wenye timu walikuwa wanakutana kuzungumzia sheria, na Dutch akamwambia...

"Na wazuiaji nao wanalipwa, Dutch," anasema Norb, "wazuie! Wakishindwa kuzuia, walie na mama zao," na Dutch anacheka, "Haya kaka, umesikika, kamwambie mkeo akukande mabega," na Ted amekwisha kulisikia hilo la mabega kwenye simu, amekwisha kulimeza, ndipo linakuja tena kutoka chumba cha chakula, kamwambie mkeo akukande mabega, sauti ile ile, kicheko kile kile, kimechelewa... sekunde ngapi, saba, Lottie aliwahi kumweleza, redio huiweka nyuma sekunde saba ili mtu akitukana wawahi kumkata, aliye kwenye simu anasikia mambo kabla ya mji mzima, ndiyo maana wanasema zima redio yako mzee... saba.

Subiri. Machi ile Lottie alisimama hapa, mlangoni mwa jiko, simu hii hii yenye waya, na Ted alikuwa kule, mezani, chumba cha chakula, penseli mkononi na ramani ya shamba la mtu wa Alden mbele yake, redio ikinong'ona juu ya kabati, na Dutch akasema, "Mama Lottie, huu ni mpira, si mkate, hebu kaangalie usije ukaungua," na Ted akacheka, si kwa ubaya, alicheka jinsi mtu anavyocheka akiwa na kazi mkononi, na kuinua macho akamkuta Lottie anamtazama, na siku zote Ted alidhani Lottie aligeuka kwa sababu ya kile kicheko, kwamba alicheka kwanza naye akageuka baadaye... lakini Ted aliisikia kauli ile redioni. Yeye Lottie alikuwa ameshaisikia simuni. Alikuwa ameshachomwa, ameshanyamaza, ameshageuka, sekunde saba nzima alimtazama mumewe akiwa ameinamia ramani, akijua kinachokuja kutoka kwenye kile kisanduku juu ya kabati, akingoja amwone atafanya nini... na akaona.

Akairudisha simu ukutani. Akamwuliza kama anataka supu. Miezi kumi na tisa baada ya hapo hadi Oktoba walipomzika hakupiga tena, Jumatatu aliisikiliza kwa sauti ndogo huku akikunja nguo, na Ted aliliona hilo, yeye mtu wa kuona inchi, alidhani amechoka na mpira, akafurahi kidogo kwamba nyumba imetulia... zamu yake alipewa, asiseme hakupewa, sekunde saba ni nyingi, ni muda wa kuvuka chumba, na hata baadaye, chumba cha hospitali, mikono ya Lottie ikiwa myepesi juu ya shuka, Ted angeweza kusema lile la Machi halikuwa jambo la kuchekwa, hakusema, hakujua kuna la kusemwa.

"Mzee, bado upo?" ni yule binti wa studio, ghafla. "Kuna mmoja mbele yako, halafu wewe. Nimekuandika Ted, una takwimu, sivyo?" na kidole gumba cha Ted kiko juu ya kitufe cha kukatia, kimepanda chenyewe, anakishusha. "Futa hilo la takwimu," anasema. "Andika mume wa Lottie." Binti, labda ni mgeni pale, labda hamjui Lottie ni nani, anasema haya, usikate, na sauti za hewani zinarudi, mwingine wa West Seneca analalamikia mwamuzi, na Ted anaiweka karatasi kaunta, uso chini... hatasoma, atasema hivi, Dutch, mke wangu Lottie, Leokadia Gorczyca, alikuambia mwaka juzi mmoja auweke mpira na mwingine achague upande, ulimcheka, nami nilimcheka, na jana tumetolewa kwa zamu ya tatu, alikuwa sahihi, nitakueleza kama alivyokueleza yeye, polepole, na la mkate halitaachwa, litasemwa lote, kaka watano, kisu, kipande cha mwisho, na wa West Seneca bado analalamika, yuko kwenye mwamuzi wa pembeni sasa, na aendelee, na kama Dutch atacheka acheke, Ted atamngoja amalize, kisha ataendelea pale pale alipokatizwa.